Mwalimu Aliyefungiwa Leseni

Siku tuliyomzika, mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi mbili. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki. Yote yalikuwa sahihi na sina la kuongeza. Lakini kati ya "alifundisha udereva kwa miaka mingi" na "alistaafu akaendelea na kilimo" msomaji aliruka jambo kubwa, na sisi tulioijua habari ile tukainamisha vichwa. Mimi niliinama kuliko wote, na nilikuwa na sababu.

Tulimwita Mwalimu, kuanzia Tengeru hadi Kikatiti, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alifundisha kuendesha gari. Walimu wa shule walikuwa na majina yao baada ya cheo, mwalimu fulani na mwalimu fulani. Yeye alikuwa Mwalimu basi, bila nyongeza, na nadhani hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Gari lake lilikuwa Corolla ya zamani yenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, na pedali za ziada upande wa abiria, ambazo fundi mmoja wa mjini alimfungia. Siku za kazi alifundishia kwenye uwanja wa kanisa. Kabla hujagusa ufunguo ilikuwa lazima ulizunguke gari zima, utazame tairi, kisha uiname uchungulie chini. Siku yangu ya kwanza niliinama nikaona majani tu.

"Natafuta nini, Mwalimu?"

"Kuku wa mama mchungaji."

Nilidhani anatania. Wiki iliyofuata nilimkuta jogoo amelala kivulini nyuma ya tairi, na Mwalimu akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Klachi aliifundisha kwa nyimbo za kanisani. Mguu wa kushoto uliachia taratibu ubeti mzima, na tulipofika kwenye kiitikio gari lilitakiwa liwe limeshaanza kutembea. Yeye aliimba besi, na aliimba vibaya. Gari likizimika, na mikononi mwangu lilizimika sana, aliuanza wimbo upya bila kukunja uso. Upo wimbo mmoja ambao hadi leo ukiimbwa ibadani mguu wangu wa kushoto unasogea wenyewe.

Mtu huyo mwenye subira ya ajabu kwa wanafunzi alikuwa abiria mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Ukimpakia kwenye gari la mtu mwingine alishika mlango kwa mikono miwili na kukanyaga breki zisizokuwepo, akipumua kwa nguvu kila kona. Mkewe, enzi za uhai wake, alikataa kusafiri naye kwenda hata Usa, hapo jirani. Alisema anachoka kumtuliza kuliko anavyochoka na safari.

Tena alikuwa mbahili. Chai ya mgahawani aliinunua kikombe kimoja akaomba na kikombe kitupu, mkagawana. Lakini Jumapili, baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka za mazao, ungemwona mtu mwingine kabisa. Watu waligombania mikungu mizuri ya ndizi na majogoo wenye afya. Yeye alingoja mpaka litolewe boga lililopasuka, au fungu la mboga lililonyauka kwa jua, wakati watu wameanza kuondoka na aliyelileta amesimama pembeni anaona haya. Hapo Mwalimu alipandisha bei, akajipandishia tena mwenyewe dhidi yake mwenyewe, watu wakacheka, na boga likaenda kwa heshima. Nyumbani alimlisha ng'ombe wake boga hilo.

Sheria za barabarani alizishika kama Amri Kumi, na alimwogopa trafiki kama mwizi anavyomwogopa, ingawa hakuwa na kosa hata moja. Vijana waliovaa nguo nyeupe barabarani walikuwa wa umri wa watoto wake wa mwisho. Yeye aliwavulia kofia. Leseni aliifunga kwenye nailoni na kuiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na alipoombwa aitoe, kitabu nacho kilitoka. Walimzoea. "Pita, Mwalimu, tuombee," walimwambia.

Nasimulia haya kwanza ili ieleweke alivyokuwa mtu wa namna gani, maana yaliyofuata, ukiyasikia peke yake, utamdhania tapeli.

Ajali ya kwanza ilitokea Jumamosi ya soko, Tengeru, mvua ikinyunya. Alikuwa peke yake kwenye gari. Bibi mmoja muuza parachichi alishuka kwenye ukingo wa barabara na beseni kichwani, na Mwalimu akamgonga. Bibi alivunjika nyonga. Mahakamani Mwalimu hakusingizia breki wala mvua. "Nilimwona," alisema, "nikadhani amesimama." Hakimu alimtoza faini na kumfungia leseni mwaka mmoja. Walioshuhudia wanasema aliikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe zawadi.

Mwaka ule alitembea kwa miguu. Shule yake hakuifunga. Mwenzake kutoka Moshono, mwenye leseni safi, alikuja kukaa kwenye kiti cha pedali, na Mwalimu alitembea pembeni ya gari, uwanja mzima, akiimba dirishani. Kabla ya kuanza utaratibu huo alikwenda kumuuliza trafiki kama kutembea pembeni ya gari kunahitaji leseni. Trafiki alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alisubiri amalize kucheka, kwa sababu alitaka jibu.

Na kila Jumamosi alipanda kwa bibi wa parachichi, akabeba beseni lake hadi sokoni, akamngoja auze, akalirudisha. Bibi alikuwa akitembea na gongo. Walikuwa wakigombana njia nzima kuhusu bei ya parachichi, na mtu asiyewajua angedhani ni ndugu.

Ndipo koo mbili zilipokaa kikao. Kwetu huku mlimani, mtu akimwaga damu ya mwenzake, hata kwa bahati mbaya, hakimu si wa mwisho. Wazee wa pande zote walikutana nyumbani kwa bibi. Kondoo alichinjwa. Pombe ya ndizi ilitolewa kwa wanaokunywa, na soda kwa wazee wa kanisa, ambao Mwalimu alikuwa mmojawao. Bibi akanywa kidogo kwenye kibuyu, akampa Mwalimu, na Mwalimu, ingawa ni mzee wa kanisa, akanywa. Bibi akasema mbele ya wote, "Imekwisha. Asiwepo mtu wa kuitaja tena."

Na sisi tukasikia kwamba imekwisha. Huo ndio ulikuwa ujinga wetu, ujinga wa watu wa huku. Tunajua kesi inaisha pale watu wanapokula pamoja. Tukasahau kwamba leseni haikuwepo kwenye kikao kile, na kwamba aliyeichukua hakula kondoo. Siku chache baadaye watu walianza kumwomba tena awaendeshee magari ya harusi, ya send-off, ya kupeleka kahawa. Alikataa wote. "Bado miezi miwili," alisema. Wengine walimwona anaringa.

Mimi nina duka la mbegu na dawa za mimea pale Tengeru, na wakati huo nilikuwa na kigari kidogo cheupe na leseni niliyoipata kwa jasho lake. Lakini nilikuwa mwoga. Niliendesha kutoka nyumbani hadi dukani, basi. Barabara kubwa ya Moshi, yenye malori yanayofukuzana, sikuwahi kuigusa. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo na alikuwa na kliniki upande wa Moshi, ambako tarehe ukiikosa unapewa nyingine mbali sana. Asubuhi ile teksi niliyoizoea ilikuwa msibani. Niliwapigia madereva wawili, hawakupokea. Mama alikuwa ameshaingia ndani ya gari na mkoba wake magotini, amefunga kitambaa kichwani, anangoja.

Mwalimu alikuwa akipita na jembe begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama hivyo?"

Nikamweleza. Akasema nimsubiri akatafute dereva pale kituoni. Nikamwambia saa haingoji. Akasema basi niendeshe mwenyewe, atakaa pembeni yangu aniimbie. Ninakumbuka alivyosema hivyo, akitabasamu, na kama ningekubali, leo nisingekuwa na cha kuandika. Nilisema siwezi. Nilisema nitamuua mama.

"Mimi siruhusiwi," akasema.

"Mwalimu, si mmeshamalizana? Bibi amekusamehe, wazee wamekula kondoo. Amebaki nani?"

"Imebaki Serikali."

"Serikali haijui hata kama unaishi!"

Nilisema hivyo. Nilicheka pia. Mwalimu hakucheka. Alimtazama mama kupitia kioo. Mama alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na watoto wawili wa Mwalimu walizaliwa mikononi mwake, mmoja wao akiwa ametanguliza miguu. Mama hakumwomba kitu. Alimwamkia tu kwa kichwa. Mwalimu akaegemeza jembe kwenye ukuta wa duka, akaninyooshea mkono, nami nikaweka funguo pale.

Aliendesha vizuri. Nataka hilo lijulikane. Alikwenda mwendo ule ule wa siku zote, malori yakitupita yakipiga honi. Kikatiti, pikipiki ilichomoka kwenye njia ya vumbi bila kutazama kulia wala kushoto ikatuingia ubavuni. Mwendeshaji alichubuka. Abiria wake, binti anayesoma ufundi cherehani, alivunjika mguu. Watu wote waliokuwepo walisema kosa ni la pikipiki. Trafiki aliyechora ramani ya ajali alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Mzee, leseni."

Mwalimu alivua kofia. Kitabu cha nyimbo hakikuwepo, wala kisingesaidia.

Baada ya hapo hakuna aliyeongea tena kuhusu pikipiki. Mimi nilidhani kosa la ajali na kosa la leseni ni vitu viwili tofauti, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kituoni nilielezwa kwa upole na mkuu wa zamu. Mtu aliyefungiwa leseni na mahakama akiendesha, alisema, haendeshi vibaya tu, anaidharau mahakama iliyomfungia, na safari hii faini haitatosha. Na bima haitalipa, kwa sababu dereva hakuwa halali. Kisha akaniangalia.

"Na wewe dada, ndiye mwenye gari?"

"Ndiyo."

"Mwenye gari akijua dereva amefungiwa, halafu akampa funguo, na yeye anaingia kwenye kesi. Ulijua?"

Mama alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya jirani, presha imepanda. Nilifikiria nani atabaki naye. Nilifikiria na duka pia, nisijifanye mtakatifu.

Mwalimu akajibu kabla yangu. "Hakujua. Nilimwambia nimesharudishiwa. Nilimdanganya."

"Ni kweli, dada?"

Mwalimu hakunitazama. Alikuwa ameshika kofia yake kifuani, anaangalia kalenda ukutani. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mwanafunzi kwamba anaendelea vizuri wakati haendelei.

"Ni kweli," nikasema. Nikasaini.

Mahakamani alikiri kosa kabla karani hajamaliza kulisoma. Hakimu alimpa miezi sita gerezani na kumfungia leseni miaka mitatu zaidi, na akamkemea hasa kwa kumdanganya mwanamke mwenye mzazi mgonjwa. Nilikuwa kwenye benchi la pili. Nilisikia kila neno. Kampuni ya bima ikaandika barua kama tulivyoambiwa. Nilitaka kuuza kigari changu nimtibu yule binti. Mwalimu akanitumia ujumbe kwa mwanawe: usiuze, mama atapanda nini? Watoto wake wakauza Corolla ya pedali za ziada. Aliyeinunua alizing'oa pedali zile akaifanya teksi.

Kanisani walimvua uzee wa kanisa. Mchungaji alilifanya kwa huzuni, si kwa chuki. Ajali inamtokea yeyote, alisema, lakini mzee wa kanisa hadanganyi. Watu walikubaliana naye. Bibi wa parachichi peke yake alisimama nje na gongo lake akasema, "Huyu? Huyu hajui hata kunidanganya bei." Wakasema ni uzee unamsumbua.

Siku ya kwenda kumwona gerezani, teksi haikupatikana. Nilizunguka gari, nikainama nikachungulia chini, nikaingia barabara kubwa. Malori yalinipita kushoto na kulia. Nilitetemeka mpaka Arusha, lakini nilifika, na nilipozima gari nililia kwa sababu nilifika. Kumbe niliweza. Kumbe ningeweza siku ile. Nikaingia nikamkuta amekonda, na sikumwambia nimekuja na nini. Akaniuliza mwenyewe.

"Nani amekuleta?"

"Nimeendesha."

Akafurahi sana. Alimwita askari magereza akamwambia, "Huyu ni mwanafunzi wangu." Sijawahi kuaibika katika maisha yangu kama nilivyoaibika kwa furaha ile.

Alipotoka alirudi kwenye ndizi na kahawa zake. Hakufundisha tena. Miaka mitatu ilipopita hakwenda kuomba leseni, na alipoulizwa alisema macho yamechoka. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwenye mnada aliacha kununua, kwa maana Mwalimu akipandisha bei sasa hakuna aliyecheka. Mama yangu hakuwahi kunitupia neno. Ila kwenye sala ya chakula alikuwa akimtaja Mwalimu kwa sauti kubwa kuliko sala yote, kisha anasema amina na kuanza kula bila kuniangalia.

Nilimpakia mara moja tu baada ya hapo, mwaka mmoja kabla hajafa. Alikuwa ametoka kwa binti yake Kikatiti, mvua ilikuwa kubwa, na nilisimama. Alisita, kisha akapanda. Safari hii hakushika mlango wala hakukanyaga chochote. Alikaa ametulia, mikono magotini, na nilipolipita lori moja vizuri alitikisa kichwa kidogo kukubali.

"Mwalimu," nikasema, "Jumapili nitasimama kwenye matangazo. Nitawaambia kwamba nilijua. Kwamba ni mimi niliyekushawishi."

Alijifuta matone ya mvua usoni.

"Ukisema sasa," akasema, "nitakuwa nimefungwa bure."

"Lakini wanasema wewe ni mwongo."

"Nilidanganya kweli. Pale kituoni nilidanganya." Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. "Mama bado anakwenda kliniki?"

"Anakwenda."

"Unampeleka wewe?"

"Mimi."

"Basi."

Nilimshusha karibu na kwake. Alinishukuru kwa lifti kama mtu yeyote anavyoshukuru, akapandisha njia ya migombani akiwa amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Nilikaa pale na injini inaunguruma, na nikaamua kwamba hana haki ya kunizuia.

Jumapili nilifika mapema. Baada ya mahubiri mchungaji akauliza, kama kawaida, kama yupo mwenye neno kwa washarika. Nikasimama. Watu wakageuka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Mwalimu alikuwa ameinua uso wake. Hakutikisa kichwa wala hakufanya ishara yoyote. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama zamani gari lilipokuwa linakaribia kuzimika, akingoja aone nitafanya nini.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Milele amina," wakaitikia.

"Mama yangu anawasalimu. Anaendelea vizuri. Anashukuru kwa maombi yenu."

Kanisa zima likapiga makofi. Mwalimu naye akapiga makofi, na nikakaa.